Nyumba Isiyouzwa Ina Bei Gani?

Kiswahili kina neno linalofanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Neno hilo ni kuthamini. Kijana akisema anamthamini mama yake, tunaelewa kwamba anampenda, anamheshimu, na hataki mtu amguse. Halmashauri ikisema inathamini nyumba ya mama huyo huyo, tunaelewa kwamba kuna mtu atakuja na futi na fomu, atazunguka nyumba, ataandika tarakimu, kisha ataondoka. Mtu huyo anaitwa mthamini. Asiyejua angedhani ni mtu aliyeajiriwa kupita nyumba kwa nyumba akiwaheshimu watu.

Swali langu katika makala hii ni kama kazi hizo mbili za neno moja zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Je, unaweza kuipa nyumba ya mtu tarakimu kwa ajili ya kodi bila kumvunjia heshima mwenye nyumba? Na kama haiwezekani, basi tuache kupima, tumtoze kila mtu sawasawa? Ndugu msomaji, najua wengi wenu mnaishi mjini kwenye vyumba vya kupanga, na mnadhani kodi ya majengo ni mambo ya wazee wenye hati. Msifungue ukurasa mwingine bado. Mpangaji yumo, na atatajwa.

Nayasema haya kwa kuwa kazi yenyewe nimeiona kwa macho. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani na daftari la riwaya ambayo mpaka leo haijapata mwisho. Ndipo nikapata kibarua cha wiki kadhaa katika halmashauri moja ya mkoa wa Simiyu, kabla mita za umeme hazijaanza kukata kodi. Sikuwa mthamini. Mthamini ni mtu aliyesomea, na Sheria Na. 7 ya mwaka 2016 inataka awe amesajiliwa. Mimi nilishika mwisho wa futi, nikataja namba kwa sauti, nikajaza fomu. Lakini anayeshika mwisho wa futi ndiye anayesimama karibu na mwenye nyumba, hivyo maswali yote huyasikia yeye kwanza.

Kwa ambaye hajafika kwetu, Simiyu ni mkoa mchanga. Ulizaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, makao yake makuu yakawekwa Bariadi. Wilaya nyingine ni Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe. Mji ukishapewa cheo cha makao makuu, bwana, unaanza kujipamba: ofisi, benki, nyumba za kulala wageni, mafundi wa madirisha ya alumini. Ukiifuata lami ya kwenda Lamadi kupitia Dutwa, mabati mapya yanakupiga machoni kila penye kituo cha biashara. Ukiiacha lami kidogo tu, unakuta kaya zilizozungushiwa minyaa, zizi katikati, na nyumba ambazo ukizitazama kwa haraka utasema hapa hakuna kitu.

Hapo ndipo utata unapoanza, kwa sababu mthamini hulipwa kwa kile anachokiona.

Kazi inavyokwenda ni hivi. Katika nchi yetu ardhi ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi; sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema hivyo. Kwa hiyo kodi ya majengo haigusi ardhi. Inagusa kuta na paa. Sheria mama ya kodi hii, ya mwaka 1983, iliandikwa kwa ajili ya miji, na vijijini ilifika kwa kuchelewa. Ilimtaka mthamini atafute bei ambayo jengo lingeuzwa sokoni. Pasipo na soko, atafute gharama ya kulijenga upya, kisha apunguze uchakavu. Sasa niambie, katika kijiji ambacho nyumba hairithiwi ila na mtoto wa mwenyewe, soko liko wapi? Basi tulitumia njia ya pili. Tuseme nyumba ina mita za mraba 60, na kujenga mita moja ni shilingi laki tatu. Hiyo ni milioni 18. Toa robo kwa uchakavu, inabaki milioni 13 na nusu. Hiyo ndiyo thamani. Imekwisha.

Fomu iliuliza mambo mengi: ukuta ni wa tofali za kuchoma, za bloku au udongo? Paa ni bati au nyasi? Sakafu ni simenti au vigae? Kuna dari? Kuna umeme? Choo kiko ndani au nje? Kila jibu lilikuwa na kisanduku chake. Haikuwa na kisanduku cha kuuliza nyumba imepatikanaje.

Tulifika kwa mama mmoja mjane. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, bati, sakafu ya simenti iliyosuguliwa ikang'aa. Ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote za jirani. Nilipokuwa nanyoosha futi ukutani aliniambia, bila kuulizwa, kwamba bati lile ni ng'ombe wa mwisho wa marehemu mumewe, na kwamba simenti ni misimu miwili ya pamba. Baada ya hapo hakubaki na ng'ombe. Alichokuwa nacho duniani kilikuwa kimesimama pale mbele yetu, kimepigwa lipu nusu.

Mita mia tano kutoka hapo palikuwa na mzee mwenye zizi kubwa. Sikuhesabu ng'ombe wake, maana kwetu kumhesabia mtu ng'ombe kwa sauti si adabu, lakini walipotoka kwenda malishoni vumbi lilichukua muda kutulia. Nyumba zake zilikuwa za udongo na nyasi. Mthamini alizitazama, akafunga kalamu. Nyumba za udongo na za nyasi za kuishi zimeachwa nje ya kodi, na ni haki ziachwe, kwa sababu waliotunga sheria walikuwa wanamfikiria fukara. Mzee yule alitusindikiza hadi njiani akicheka kwa upole. "Vijana," alisema, "mimi ni maskini wa nyumba."

Usikimbilie kusema dawa ni kuhesabu ng'ombe. Kwetu mifugo hukaa kwa watu. Mtu humwekea ndugu au rafiki ng'ombe, huyu akakamua na kutunza, na mali ikabaki ya yule. Unaowaona zizini huenda si wa mwenye zizi, na wa mwenye zizi huenda wako Meatu. Ukimtoza kwa unachokiona, umemtoza mtunzaji kwa mali ya mwingine. Jicho la serikali hudanganywa na nyumba, na kwa ng'ombe hudanganywa zaidi.

Kwa hiyo kodi hii, inayojiita kodi ya mali, kwetu ni kodi ya mali inayoonekana kutoka barabarani. Anayegeuza jasho lake kuwa tofali analipa. Anayeligeuza kuwa ng'ombe, au fedha ya kwenye simu, halipi. Mama yule alikuwa amefanya kile ambacho kila kiongozi aliyepita kijijini alimsihi afanye: jenga nyumba bora, ondoka kwenye nyasi. Aliposikia na kutii, tukaja na futi.

Historia inatuonya juu ya jambo hili. Serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, ikaanza kuitoza 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, na asiye na rupia alitakiwa kuilipa kwa nguvu za mwili wake. Waingereza walipokuja wakaendelea na sheria yao ya mwaka 1922 ya kodi ya nyumba na ya kichwa, na mume mwenye wake wengi alihesabiwa nyumba ya kila mke. Sehemu nyingi za Afrika kodi ya namna hiyo ilipotozwa, watu walijifunza kubanana nyumba moja ili zihesabike chache. Na tusidhani ujanja huo ni wetu peke yetu. Kule Uingereza kulikuwa na kodi ya madirisha tangu 1696 hadi 1851. Kadiri nyumba ilivyokuwa na madirisha mengi, ndivyo mwenyewe alivyolipa zaidi. Watu walifanya nini? Waliziba madirisha kwa matofali. Walikubali kukaa gizani ili wasilipie mwanga. Hadi leo ziko nyumba za zamani kule ambazo madirisha yake yamezibwa.

Kodi, kumbe, hufundisha. Ukiitoza nyumba, unamfundisha mtu kuificha nyumba. Ukikitoza kichwa, unamfundisha mtu kukificha kichwa. Wazee wetu wanaikumbuka kodi ya kichwa, ile iliyopewa jina la kodi ya maendeleo na kufutwa mwaka 2003. Waulize, watakueleza wanaume walivyolala porini mgambo walipopita. Mtu mzima, baba wa watoto, anajificha mwituni kwa sababu ya kosa la kuwa na kichwa! Mkoloni alikuwa ameondoka zamani, lakini alikuwa ametuachia mbio.

Basi akatokea mtu mwenye hekima akasema: tuache kupimana. Kila nyumba ilipe sawa, tusimtume mtu mwenye futi. Ndivyo ilivyofanyika. Mwaka 2016 kazi ya kukusanya kodi hii ilitolewa kwenye halmashauri ikapewa Mamlaka ya Mapato. Nyumba ambazo hazijathaminiwa zikawekewa viwango vya mkupuo. Kuanzia Agosti 2021 kodi ikaingizwa kwenye LUKU: ukinunua umeme inakatwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Mwaka 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida kikapanda hadi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka.

Nitautetea mpango huu kwanza kabla sijaupinga, maana kumpinga mtu usiyemwelewa ni uvivu. Mita haina shemeji. Haipokei kuku. Haimwonei wivu jirani, haimjui aliyepiga kura upande gani. Haimwingilii mjane uani kumuuliza choo chake kiko wapi. Inakata kidogo kidogo, na kwa maskini kutoa 1,500 mara kumi na mbili ni afadhali kuliko kutafuta 18,000 siku moja ya Juni pamba ikiwa haijalipwa. Halafu ni rahisi kwa serikali. Kupima nchi nzima kwa futi ni gharama, na kodi inayoliwa na gharama za kuikusanya ni mchezo wa watoto. Hata wenye makabati ya mafaili hushindwa: nyumba za England mpaka leo hupangwa madaraja ya kodi kwa bei za mwaka 1991.

Hayo yote ni kweli. Lakini tuipige hesabu. Nirudi kwenye nyumba yangu ya mfano, ya milioni 13 na nusu. Tuseme tungeitoza kwa thamani, kwa asilimia 0.15. Ingelipa 20,250 kwa mwaka, karibu sawa na mkupuo wa 18,000. Sasa mtazame tajiri aliyejenga nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, ya milioni 150, yenye vigae hadi uani na geti la umeme. Kwa thamani angelipa 225,000. Kwa mkupuo analipa 18,000, kwa sababu mita haioni vigae, inaona sakafu moja tu. Zile 207,000 zinazobaki amepewa zawadi, na aliyempa ni mjane, bila kujua.

Na mpangaji, niliahidi kumtaja. Sheria inasema kodi ni ya mwenye nyumba. Lakini anayenunua umeme ni nani? Ni wewe msomaji, unayepanga chumba Somanda au Mabibo, na tokeni yako inakatwa kwa ajili ya nyumba usiyoimiliki. Unaweza kumdai mwenye nyumba akurudishie. Nenda kamdai, kisha unisimulie ilikuwaje.

Uingereza nako walijaribu usawa wa namna hii kwa upande wa vichwa. Serikali ya Margaret Thatcher iliondoa kodi ya nyumba iliyofuata thamani, ikaweka kiwango kimoja kwa kila mtu mzima wa eneo: Uskoti mwaka 1989, England na Wales mwaka 1990. Tajiri wa jumba na mfagizi wa jumba walitakiwa kulipa sawa. Tarehe 31 Machi 1990 katikati ya London pakawa moto na mawe. Ilipofika 1993 kodi ile ilikuwa imefutwa, na wapimaji wa nyumba wamerudishwa. Watu walioziba madirisha yao wasionekane ndio hao hao waliokuja kuandamana kwa kuwa serikali imekataa kuwaona walivyo.

Hapa ndipo nilipofika katika kufikiri kwangu. Binadamu anaogopa kuonwa na serikali, na vile vile anaumia asipoonwa. Anayepimwa hulalamika kuwa ameingiliwa. Anayetozwa mkupuo hulalamika kuwa amechanganywa na wengine kama mahindi kwenye gunia. Malalamiko yote mawili ni ya haki. Je, lipi ni kubwa?

Turudi kwa yule mama. Tulipomaliza kupima alimuuliza mthamini swali ambalo limenikaa kichwani kuliko somo lolote la darasani. Alisema, "Baba, nyumba hii siiuzi. Nikifa wataimiliki watoto. Mnaniuliza bei ya nini?"

Swali hilo lina uzito, msomaji. Bei ni mambo ya watu wawili, mmoja anataka kuuza na mwingine kununua. Pasipo muuzaji, bei ni hadithi tu. Nyumba ile kwa mama ilikuwa kaburi la ng'ombe wa mumewe na kitanda cha wajukuu wake, na hakuna soko la vitu hivyo. Tarakimu tuliyoiandika ilikuwa ya nyumba nyingine, nyumba ya kufikirika inayofanana na ile, iliyowekwa mbele ya mnunuzi ambaye hayupo. Hata mimi ninayehangaika na riwaya sikuwahi kubuni kitu cha ajabu hivyo.

Mthamini wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Alimjibu hivi: "Mama, hatukuulizi bei. Tunatafuta fungu lako."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na naamini ndiyo kauli pekee inayoweza kuihalalisha kazi ile. Nyumba ina thamani ambayo mwenyewe tu anaijua, na hiyo haimhusu mtu mwingine. Tarakimu ya kwenye daftari ni jambo jingine: ni kipimo cha fungu la mtu katika mzigo wa wote. Kwenye msiba kijijini kila kaya huleta kitu. Mwenye ng'ombe ataombwa zaidi, na mjane akileta kisonzo cha unga hakuna atakayemcheka, wala hatarudishwa. Hapana aliyesema mafungu yawe sawa. Wanachosema wote ni kwamba aliyeleta aandikwe, na kilicholetwa kionekane kwenye sufuria.

Lakini tazama sasa jibu hilo linamfunga nani. Kama ile tarakimu ni fungu, basi lazima sufuria iwepo. Mama anayelipa fungu kisha akafika zahanati akaambiwa dawa zimekwisha, amelipa fungu la msiba usio na maiti. Hapo neno fungu limegeuka uongo, na bora mthamini angemwambia ukweli kwamba amekuja kuchukua. Tena fungu hufuata uwezo. Ukuta peke yake hauwezi kuwa ushahidi wa uwezo, kama tulivyoona kwa mzee wa zizi. Sheria yenyewe inalikubali hilo mahali pamoja: mwenye umri wa miaka 60 na zaidi husamehewa kodi ya nyumba yake anayoishi. Kumbe sheria ikitaka inaweza kutazama nyuma ya ukuta ikamwona mtu. Kama inaweza kuuona umri, kwa nini isiweze kuuona ujane, au mwaka ambao mvua haikunyesha?

Utaniambia: mwandishi, unamtaka mtu mwenye futi arudi, na mtu huyo ananunulika. Kweli, ananunulika. Nitakueleza nilichokiona. Mthamini wetu hakunywa kitu chochote katika nyumba aliyokuwa anaipima. Hata maji. Alitembea na chupa yake. Kwa mwenye baa hilo lilikuwa sawa, maana soda ya mwenye baa ina maana yake. Lakini kwa mama yule, aliyetuletea maji kwenye bakuli safi kwa mikono miwili, kukataa kulikuwa kumtukana mtu kwake. Niliona uso wake ulivyobadilika. Alimheshimu mthamini kama mgeni, na mthamini, ili amtendee haki yeye na jirani zake wote, ilibidi akatae kuwa mgeni. Hapo kuthamini kwa namna ya kwanza na kuthamini kwa namna ya pili vilisimama vikatazamana, na kimoja kikaumia.

Sina hakika kwamba alifanya vibaya. Nadhani hiyo ndiyo gharama ya kazi, na anayesema haki haina gharama hajawahi kugawa hata nyama ya sikukuu. Lakini haki haiwezi kutegemea chupa ya maji ya mtu mmoja. Leo yuko yeye, kesho atahamishwa, atakuja mwenye kiu. Dawa iko kwenye daftari kuwekwa wazi. Ile sheria ya 1983 ilikwisha kulitaja hilo: daftari la uthamini lifunguliwe watu walitazame, na anayepinga alete pingamizi, na liwepo baraza la kulisikiliza. Tatizo ni kwamba daftari likiwekwa wazi kwenye kabati la ofisi, limewekwa wazi kwa mende. Lisomwe kwenye mkutano wa kijiji, chini ya mti, jina kwa jina. Mwenye geti la umeme asimame asikie amepangiwa nini, mjane naye asikie. Watu wanajuana. Mbele ya majirani hamsini, ni vigumu nyumba ya milioni 150 kuandikwa milioni 15. Wala mjane hatazidishiwa fungu bila mtu kunyoosha mkono aseme: hapana, huyo ng'ombe wake waliisha kwenye bati.

Hilo la mwisho ndilo mita haiwezi kulisema, wala fomu. Linahitaji mdomo wa mtu anayekujua. Ndiyo maana, baada ya kuyapima yote, nausimamia upande wa kupima. Siusimamii kwa sababu futi ni ya haki. Nausimamia kwa sababu anayepimwa anaweza kubisha. Aliyeandikiwa milioni 13 anaweza kusema si 13 ni 9, na sababu ni hizi. Aliyekatwa 1,500 kwenye tokeni atabishana na nani? Mkupuo haukutukani, lakini pia haukusikilizi. Na mimi naona kusikilizwa ni sehemu kubwa ya kuthaminiwa kuliko kuachwa peke yako.

Wenzangu tunaotaka kuwa waandishi tunapenda kuandika juu ya mapenzi, usaliti na jiji. Si vibaya. Lakini nchi hii inaandikwa kila siku na watu wengine, kwa kalamu za wino wa bluu, kwenye fomu zenye visanduku. Kila kisanduku kinaamua kipi cha mtu kitaonekana na kipi kitapotea. Ukipata nafasi ya kushika mwisho wa futi, ishike. Namba uzitaje kwa usahihi, maana uongo wa huruma leo ni mzigo wa jirani kesho. Halafu mwenye nyumba akianza kukueleza bati limetoka wapi, usimwambie kwamba hakuna kisanduku. Geuza fomu, andika nyuma.